Mtoto anageuka ukipiga makofi: je, anasikia kweli?

Huku kwetu Kasongo na Kabambare, wazazi wengi wana njia moja ya kupima masikio ya mtoto: wanapiga makofi nyuma ya mgongo wake. Akigeuka, basi anasikia, maneno yamekwisha. Akichelewa kusema, watasema amefuata mjomba wake. Akifika masomoni asijibu, mwalimu atasema ana kiburi, na kuna jirani ataanza kunong'ona habari ya ulozi.

Lakini yale makofi hayaonyeshi kitu. Ni sauti kubwa, yanaleta upepo shingoni, na mara nyingi mtoto ameona kivuli. Nguvu ya sauti inapimwa kwa desibeli: mnong'ono ni kama 30, mazungumzo ya kawaida ni kama 60, pikipiki ikipita karibu inaweza kufika 90. Mtoto ambaye hapati kitu chochote chini ya 50 atageuka kwa makofi na atakimbilia pikipiki. Ila mwalimu akisimama ubaoni naye ameketi nyuma kabisa, atapata vipande vipande tu. Huyo si kiziwi kabisa, na ndiye anayepotea sana, sababu kila mtu anaapa kwamba anasikia.

Tena, sauti hazifanani. Katika Kiswahili chetu, a, o, u, m na n ni nzito, zinabeba. S, f, t na k ni nyembamba, na masikio mengi mabovu yanaanza kupoteza hizo. Mtoto wa namna hiyo, kwake "saa" na "taa" ni neno moja. Uingereza wana kipimo cha McCormick kinachotumia jambo hili: wanaweka mbele ya mtoto vitu vya kuchezea ambavyo majina yao yanakaribiana, wanasema jina kwa sauti ya chini, mtoto anaonyesha. Hata nyumbani inawezekana kujaribu: weka saa, taa na kipande cha kaa, funika mdomo wako asisome midomo, sema polepole. (Kama kwenu mnasema tala na makala, maneno haya hayafai, tafuta mengine.) Hakikisha kwanza kwamba anayajua majina yenyewe.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 9 iko njia nyingine, ambayo Irene na Alexander Ewing wa Manchester waliieleza tangu 1944. Inahitaji watu wawili na chumba kimya. Mama anampakata mtoto. Mtu wa kwanza anakaa mbele, anamchezea kidogo, kisha anaficha kile kitu. Wakati huo huo wa pili, aliye nyuma na pembeni, kama metre moja kutoka sikioni, anatoa sauti ndogo: "sss", au kijiko kinachosuguliwa polepole kwenye ukingo wa kikombe, kisha "uuu" ya chini. Asionekane, asimguse, asikanyage kwa kishindo. Mtoto anayesikia anageuza kichwa upande ule. Fanya kulia na kushoto, zaidi ya mara moja. Usidanganywe na kelele zake mwenyewe: hata mtoto kiziwi anatoa sauti miezi ya mwanzo, baadaye ndipo zinapungua.

Kwa wanafunzi, mwalimu asimame nyuma, umbali wa mkono mmoja, azibe sikio la upande mwingine kwa kidole akilisugua taratibu, atoe pumzi, kisha anong'one tarakimu mbili tatu ili mtoto azirudie. Darasa zima linaweza kupimwa asubuhi chache, bila franga hata moja. Kwa wadogo, nafasi nzuri ni siku ya CPS, pale mama amekwisha kuja kupima uzito.

Mtoto gani apimwe haraka? Yule aliyepona surua, ugonjwa wa uti wa mgongo, au manjano makali ya siku za kwanza. Pia aliyepewa kinini, gentamisini au streptomisini: dawa hizi zinaweza kuumiza sikio. Hiyo si sababu ya kuzikataa, uhai kwanza. Ni sababu ya kupima akishapona. Kasongo inaijua surua tangu zamani: mwaka 1981 timu ya Mradi wa Kasongo ilichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa hapa. Mlipuko ulioanza 2019 uligusa zaidi ya watu 300,000 katika Kongo nzima, na zaidi ya 6,000 walikufa. Hesabu hiyo haisemi ni wangapi walipona masikio yakiwa yamefungwa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema karibu asilimia 60 ya ukiziwi wa watoto ungeweza kuzuiwa.

Na usaha? Hapa nitasema wazi: usitie mafuta ya mawese, petroli wala maziwa ya mama. Kausha kwa kitambaa safi kilichosokotwa, mara tatu kwa siku, na umpeleke kituo cha afya. Ukipita siku 14 unakuwa ugonjwa sugu. Uvimbe nyuma ya sikio ni hospitali siku hiyo hiyo. Wengine wakitibiwa usaha, au nta ikitolewa, wanasikia tena.

Asiyejibu vizuri atahitaji mashine. Kwa mtoto mchanga wanaweka kizibo kidogo sikioni akiwa amelala, na sikio zima linarudisha mwangwi. Kuanzia miaka 3 hivi, anatia haragi kikombeni kila akisikia mlio. Kazi hiyo ni ya muganga wa masikio, ORL, na kwa kawaida anapatikana miji mikubwa. Safari ni ghali, kwa hiyo omba hospitali kuu ikuandikie barua ya kukutuma, na upige simu kwanza kuuliza kama muganga yupo na mashine inafanya kazi.

Wakati mnangoja, mtoto aketi mstari wa mbele. Akiwa kiziwi kabisa, anahitaji lugha ya ishara mapema, asingoje kifaa. Hakuna mkurugenzi wa kumfukuza kwa sababu hiyo: sheria ya 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, na shule ni mojawapo.

Mwenye mafua siku ya kipimo, arudiwe baada ya wiki mbili. Andikeni tarehe na sikio gani kwenye karatasi ya CPS.