Mtoto na kalamu: historia ya disgrafia katika madarasa ya Schaerbeek

Kwa muda mrefu mwanafunzi mwenye mwandiko usiosomeka alihesabiwa kuwa mvivu au mjinga. Historia ya shule za Schaerbeek, mojawapo ya manispaa 19 za jimbo la Brussels nchini Ubelgiji, inaonyesha jinsi fikra hiyo ilivyojengeka, na jinsi sheria ilivyochukua takriban karne nzima kuirekebisha.

Katika barabara ya Josaphat huko Schaerbeek limesimama jengo la shule lililobuniwa na msanifu majengo Henri Jacobs na kukamilika mwaka 1907. Michoro ya ukutani ilibuniwa na Privat Livemont, msanii mzaliwa wa Schaerbeek. Viongozi wa manispaa walitaka watoto wa wafanyakazi wasome mahali penye mwanga na uzuri, si katika vyumba vya giza.

Miaka saba baadaye, tarehe 19 Mei 1914, Ubelgiji ilipitisha sheria ya elimu ya lazima kwa watoto wa miaka 6 hadi 14. Vita Kuu ya Kwanza ilichelewesha utekelezaji wake, lakini ilipoanza kufanya kazi, maisha ya watoto yalibadilika. Kabla ya hapo, mtoto aliyeshindwa kuandika aliweza kwenda karakana au sokoni, na hakuna aliyemuuliza kitu. Sasa kila mtoto aliketi mbele ya daftari, na mwandiko ukawa mlango wa masomo yote. Aliyejua jibu la hesabu au historia bila kuweza kuliandika, alihesabiwa kuwa hajui.

Kofia ya masikio ya punda

Schaerbeek inajulikana tangu zamani kuwa mji wa punda, kwa sababu wakulima wake waliwatumia wanyama hao kupeleka mboga na cheri katika masoko ya Brussels. Wakazi wanalionea fahari jina hilo, na hadi leo punda hufugwa katika bustani ya Josaphat. Lakini katika shule nyingi za Ulaya ya zamani punda alikuwa alama ya aibu. Mwanafunzi aliyeonekana mzito wa kuelewa alivishwa kofia ya karatasi yenye masikio ya punda na kusimamishwa mbele ya wenzake.

Wakati huo huo, matabibu walikuwa wameanza kutambua kwamba akili na uwezo wa kuandika si kitu kimoja. Mwaka 1867 tabibu Mwingereza William Ogle alitumia neno agrafia kueleza hali ya watu wazima waliopoteza uwezo wa kuandika baada ya ubongo kudhurika. Mwaka 1896 mwenzake, William Pringle Morgan, alieleza habari za mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu na asiye na tatizo la macho, lakini alishindwa kujifunza kusoma na alikosea hata kuandika jina lake mwenyewe. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, kijana huyo angewapita wote shuleni.

Mjini Brussels kwenyewe, daktari Ovide Decroly alifungua mwaka 1901 taasisi ya watoto walioshindwa kwenda sambamba na shule za kawaida. Mwaka 1907, mwaka ule ule jengo la Jacobs lilipokamilika, akaanzisha shule nyingine kwa ajili ya watoto wote. Decroly aliamini kwamba shule ndiyo inayopaswa kumchunguza mtoto na kujipanga kumfuata. Utafiti wa kina kuhusu mwandiko wenyewe ulikuja baadaye, hasa kwa kazi ya Julian de Ajuriaguerra na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1964.

Kalamu inapomeza fikra

Leo wataalamu huita disgrafia ugumu wa kudumu wa kuandika, ambao hautokani na uvivu, upungufu wa akili wala kukosa mafunzo. Herufi hupishana ukubwa na kuuacha mstari, mkono hubana kalamu hadi kuuma, na ukurasa mmoja huchukua muda mrefu kupita kiasi. Kwa watu wengi, mkono ukishazoea, herufi hujiandika zenyewe. Mwenye disgrafia hulazimika kufikiria umbo la kila herufi, na anapofika mwisho wa sentensi, wazo alilotaka kulieleza limekwisha kumtoka.

Ubelgiji ilipitisha sheria ya elimu maalumu tarehe 6 Julai 1970. Baadaye, watoto wenye matatizo ya kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu walipangiwa kundi lao, lililoitwa aina ya nane. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwani walipata walimu wenye ujuzi na madarasa madogo. Hata hivyo, mtoto alilazimika kuiacha shule ya jirani na rafiki zake, na kundi hilo lilikuwapo katika shule za msingi tu. Akifika sekondari, alirudi alikotoka.

Katika Schaerbeek suala hili lilikuwa gumu zaidi. Mwaka 1964 Ubelgiji ilitia saini mikataba ya wafanyakazi na Morocco na Uturuki, na familia nyingi kutoka nchi hizo zikafanya makazi katika manispaa hiyo. Mtoto asiyezungumza Kifaransa nyumbani anapokosea katika daftari, je, ni ugeni wa lugha au ni disgrafia? Swali hilo linazihusu pia familia za wasemaji wa Kiswahili kutoka Bukavu, Goma au Lubumbashi wanaoishi Brussels. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, ilhali katika Kifaransa sauti moja ya "o" inaweza kuandikwa kwa herufi moja, mbili au tatu. Mtoto anayekosea herufi za Kifaransa lakini mwandiko wake ni mwepesi huenda anahitaji muda wa kuizoea lugha. Yule ambaye mkono wake unakwama katika lugha zote mbili anahitaji kuchunguzwa na mtaalamu.

Sheria yabadilika

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, ulizitaka shule zifanye marekebisho yanayofaa kwa kila mwanafunzi anayeyahitaji. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania na Ubelgiji mwaka 2009, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga mwaka 2015.

Tarehe 7 Desemba 2017 jumuiya ya wazungumzaji wa Kifaransa nchini Ubelgiji ilipitisha sheria iliyoanza kutumika Septemba 2018. Kwa mujibu wake, wazazi wenye uthibitisho wa mtaalamu wanaweza kudai marekebisho katika shule ya kawaida, na hatua zinazokubaliwa huwekwa kwenye maandishi.

Marekebisho yenyewe mara nyingi si ya gharama kubwa: muda wa ziada katika mtihani, nakala ya maelezo ya mwalimu ili mtoto asinakili ubao mzima, ruhusa ya kujibu kwa mdomo au kutumia kompyuta, na alama zinazopima maarifa mbali na mwandiko. Mazoezi mafupi ya kila siku ya kuunda herufi husaidia pia, mradi yasigeuzwe kuwa adhabu.

Hata shule isiyo na kompyuta, iwe Kigoma au Kisumu, inaweza kumpa mtoto nafasi ya kueleza kwa mdomo anachokijua. Mwalimu wa yule mvulana wa mwaka 1896 aliliona hilo mapema. Kilichokosekana katika zama zake ni kanuni ya kuilazimu shule imsikilize.