Goti Kwenye Lami, Tairi Hewani

Wapenzi wa mbio za pikipiki wana dharau yao ya siku nyingi. Akipita mtu amesimamisha pikipiki kwa tairi la nyuma, watasema huyo ni wa kushangiliwa harusini, uwanja wa mbio haumhusu. Kwao dereva ni yule anayeilaza pikipiki kwenye kona mpaka goti linakwangua lami. Watu wa sarakasi nao hawakubali: kuzunguka uwanja uleule mara ishirini, wanasema, kunahitaji ubunifu gani? Nimefuatilia historia ya pande zote mbili kwa muda mrefu, na sioni msingi wa ugomvi huu. Mbio na sarakasi zilizaliwa kwenye mbao zilezile, na mara nyingi mbio zilipopata namna mpya ya kuendesha, aliyeileta alikuwa amejifunzia kwingine.

Mbao zenyewe zilikuwa Marekani. Kuanzia miaka ya 1910 miji mingi ya huko ilijenga viwanja vya mviringo vilivyotandikwa mbao, kingo zake zikiwa zimeinuliwa kama ubavu wa bakuli. Vingi vilijengwa na Jack Prince, Mwingereza aliyewahi kuwa bingwa wa baiskeli. Pikipiki za pale hazikuwa na breki, na zilikimbia zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Watazamaji walisimama juu kabisa ya ukingo, wakiinama kuwaangalia madereva wanaopita chini yao. Tarehe 8 Septemba 1912, huko Newark, New Jersey, pikipiki ya Eddie Hasha ilipanda mpaka kwenye reli waliyoegemea watu. Hasha alifariki, na miongoni mwa waliokufa pamoja naye walikuwemo watazamaji, baadhi yao wavulana tu. Magazeti yakaanza kuviita viwanja hivyo machinjio, na haikuchukua miaka mingi mchezo ukafifia.

Lakini wenye maonyesho ya kuhamahama walikuwa wameshaliona soko. Walitengeneza viwanja vidogo vya mbao vya kufungua na kufunga, wakazidi kuinua kingo, mpaka kabla muongo haujaisha ukingo ukawa ukuta uliosimama wima. Ndipo ulipozaliwa Ukuta wa Kifo, unaochezwa hadi leo kwenye maonyesho ya India. Dereva anazunguka kwa ndani, pikipiki imelala sambamba na ardhi, watu wako juu wakinyoosha noti ili azinyakue akipita. Asichoruhusiwa ni kupunguza mwendo, kwa sababu mwendo ndio unaoligandamiza tairi ukutani.

Mgandamizo huohuo ndio unaofanya kazi kwenye kona ya kawaida. Pikipiki ikilala nyuzi 45, matairi yanasukuma pembeni kwa nguvu inayolingana na uzito wote wa chombo na dereva wake. Leo madereva wa MotoGP, ngazi ya juu kabisa ya mbio za pikipiki, wanapita nyuzi 60, na viwiko vyao vinagusa lami. Hawakufika huko kwa siku moja. Geoff Duke, Mwingereza aliyetwaa mataji sita ya dunia katika miaka ya 1950, alikaa katikati ya kiti, magoti yamebana tangi, mwili na pikipiki vikilala pamoja. Huo ndio ulikuwa uendeshaji wa kiungwana, na aliyetoa goti nje alionekana hajafunzwa.

Aliyeuvunja utaratibu huo alitoka kwenye barafu. Jarno Saarinen, kijana wa Turku nchini Finland, alikuwa ameshiriki mbio za kwenye maziwa yaliyoganda, mahali ambapo tairi kuteleza ni jambo la kila kona. Alipoingia kwenye lami aliutoa mwili wake upande wa ndani wa kona, goti mbele. Jambo hilo lina hesabu yake: uzito wa dereva ukienda ndani, pikipiki inaweza kupita kona ileile kwa kasi ileile bila kulala sana kama hapo awali, kwa hiyo tairi linabaki na akiba. Mwaka 1972 alitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la injini za sisi (cc) 250, na mwaka uliofuata akashinda mbio za Daytona 200 huko Marekani. Tarehe 20 Mei 1973 alifariki Monza, Italia, katika ajali iliyomuua pia dereva mwenzake Renzo Pasolini. Alikuwa na miaka 27.

Kenny Roberts wa California alikuwa amemwona. Roberts mwenyewe alikulia kwenye viwanja vya udongo, ambako dereva anaikata kona tairi la nyuma likiwa limekengeuka na kurusha vumbi, na usukani umegeuzwa upande wa pili. Alichukua goti la Saarinen, akaongeza mazoea yake ya udongo, yaani kufungua mafuta mapema na kuliacha tairi la nyuma liteleze. Akaenda Ulaya, na mwaka 1978 akawa Mmarekani wa kwanza kutwaa ubingwa wa sisi 500. Akautetea mara mbili. Suti za ngozi hazikuwa zimetengenezwa kwa kukwangua chini, hivyo madereva wakawa wanajizungushia mkanda wa gundi magotini, mpaka viwanda vilipoanza kuuza vipande vya plastiki vya kubandika.

Katika miaka hiyohiyo sarakasi ilikuwa na mfalme wake. Evel Knievel wa Butte, Montana, aliruka chemchemi za hoteli ya Caesars Palace tarehe 31 Desemba 1967, akaanguka vibaya, na umaarufu wake ukaanzia hapo. Pikipiki aliyoitumia sana baadaye, Harley-Davidson XR-750, ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mbio za udongo, zilezile zilizomlea Roberts. Kwa maoni yangu Knievel anasifiwa kupita kiasi, kwa sababu kuruka ni ujasiri kwanza na ufundi baadaye. Ninayemstahi zaidi ni Doug Domokos. Mwaka 1984, katika uwanja wa Talladega, Alabama, aliendesha kilomita 233 tairi la mbele likiwa hewani. Mwaka 1991 Mjapani Yasuyuki Kudo akafikisha 331.

Siri ya kazi hiyo iko kwenye mguu wa kulia. Ukifungua mafuta, pua inapanda. Ikipita mahali pake pa mizani, unagusa breki ya nyuma, nayo inarudi. Kwenye mbio kunyanyuka huko ni hasara, maana nguvu inayoinua pua haisukumi mbele, na siku hizi kompyuta hupunguza nguvu ya injini pua ikianza kupanda. Breki ya mbele ina mambo tofauti. Ukiikaza sana nyuma inanyanyuka, tairi la mbele linabeba kila kitu, na ukizidisha kidogo tu unapinduka. Madereva wengi hapo hulegeza kidole. Mtu wa sarakasi hukaa papo hapo, kwa sababu ndipo anapocheza kila siku.

Alanya, kusini mwa Uturuki, palikuwa na mwanasarakasi aliyefahamika kama Tek Teker Arif, Arif wa Tairi Moja. Mwanawe, Toprak Razgatlıoğlu, alizaliwa 1996 na kukulia juu ya pikipiki za baba yake. Mwaka 2017 Arif alifariki kwa ajali ya pikipiki. Miaka miwili baadaye, Magny-Cours nchini Ufaransa, Toprak alipata ushindi wake wa kwanza katika mashindano ya dunia ya Superbike mbele ya Jonathan Rea, na mwaka 2021 akaukatisha utawala wa Rea wa mataji sita mfululizo. Akaongeza taji la 2024 na la 2025 akiwa na BMW.

Namna anavyofunga breki ndiyo inayomtofautisha. Anachelewa kuliko wenzake, tairi la nyuma linaelea sentimita chache juu ya lami, na wakati huohuo anaielekeza pikipiki ndani ya kona. Mashabiki wanaofurahia akisimama kwa tairi la mbele baada ya ushindi wanatazama kitu kilekile alichokifanya kwenye kila kona ngumu ya mbio hizo.

Kwetu pia mikono ya namna hiyo ipo. Nimeona madereva wa bodaboda wakisindikiza msiba tairi la mbele juu, bila kofia, katikati ya watoto na malori, na roho huniuma kila ninapowaona, kwa sababu ustadi ule haujapewa hata eneo lililofungwa la kuchezea.

Toprak alisaini kuingia MotoGP msimu wa 2026 na timu ya Pramac ya Yamaha. Kwenye Superbike alikuwa akitumia matairi ya Pirelli. MotoGP wanatumia Michelin, ambayo tairi lake la mbele linataka kubembelezwa kwa namna nyingine kabisa. Kuanzia 2027 Pirelli ndiyo itakayohudumia MotoGP. Mimi msimu huo wa 2027 ndio ninaousubiri.