Neno lililobaki Ubena walimu walipoondolewa

Wamisionari wa Berlin walipofungua kituo cha Kidugala mwaka 1898, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Wanging'ombe, Wabena wengi waliokuja kuwasikiliza hawakujua kusoma. Neno liliingia kwa masikio. Mwalimu alitamka, darasa likaitikia, likarudia tena na tena mpaka Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana zikakaa. Aliyetaka kubatizwa alifundishwa kwa muda mrefu, kisha akayasema aliyojifunza bila kushika kitabu.

Wapo wanaoyaita mafundisho hayo ya kikasuku. Sikubaliani nao. Msingi wake ulikuwa Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, na humo kila amri hufuatwa na swali linalodai maana yake. Kukariri kulikuwa kupiga hodi tu. Kuingia ndani ni kujua amri ile inakutaka ufanye nini shambani, nyumbani, au msimu wa mvua ulanzi, pombe ya mianzi, unapogemwa na jirani anakuita kwa mara ya tatu.

Imani hiyo changa ilijaribiwa mapema. Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, wapiganaji wa Kibena walikishambulia kituo cha Yakobi, karibu na Njombe. Walikuwa na sababu: kodi, kazi za kulazimishwa na ukali wa utawala wa Kijerumani. Waumini waliokuwa ndani pamoja na mmisionari Paul Gröschel walijikuta kati ya mgeni aliyewafundisha na ndugu zao wa damu. Tusiusahau uchungu huo tunapoisimulia historia ya kanisa letu.

Lakini jaribu kubwa zaidi lilikuwa la ukimya. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza yaliingia Ubena, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Miaka ya 1920 Waskoti wa misheni ya Livingstonia, kutoka Nyasaland (leo Malawi), walikuja kusaidia, ila walikuwa wachache na vituo vilitawanyika milimani. Waliobaki na watu siku kwa siku ni walimu na wazee wenyeji. Wao ndio waliozika wafu, wakafundisha watoto, wakapatanisha waliogombania mipaka ya mashamba. Mzee wa namna hiyo hakuwa na rafu ya vitabu. Alikuwa na kile alichokishika moyoni, na hicho ndicho alichokwenda nacho msibani.

Wajerumani walirudi, kisha Vita Kuu ya Pili ikawaondoa tena. Safari hii Wamarekani wa kanisa la Kilutheri la Augustana na Waswidi ndio waliokuja kushika nafasi. Mara mbili, basi, katika muda wa miaka 25 hivi, Ubena ilinyang'anywa walimu wake wa kwanza, na mara zote mbili kanisa lilikutwa lipo. Mwaka 1963 lilipoundwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, sehemu hii iliingia ikiwa na mizizi yake yenyewe.

Biblia ya Kiswahili ya Union ilitoka mwaka 1952, ikaenea nyumbani kwa watu. Leo abiria anayesubiri basi Makambako ana Biblia nzima ndani ya simu. Ni neema kubwa. Hata hivyo simu huzimika, na saa ya hasira haimsubiri mtu afungue ukurasa. Mwandishi wa Zaburi ya 119 aliliona hilo zamani: neno la kumzuia mtu asitende dhambi aliliweka moyoni, mahali linapoweza kumfikia kabla mkono haujanyanyuka.

Vijana wa kipaimara wa Njombe bado wanakariri katekisimu. Wazazi, msiwaachie mwinjilisti peke yake kazi hiyo. Na kama bado una bibi au babu kule Lupembe, Ilembula au Kidugala, nenda ukamwamkie kamwene, umwombe akutamkie Zaburi anayoijua bila kitabu. Kisha mwulize ilimsaidia siku gani.