Kutoa kizazi kabla ya ukomo wa hedhi

Upasuaji wa kuondoa mfuko wa uzazi kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi. Wagonjwa wa Pangani au Mkinga wanaopewa rufaa hufikishwa Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga. Sababu ya kawaida ya upasuaji huu ni fibroidi, uvimbe unaoweza kumfanya mtu abadilishe pedi kila saa hadi apungukiwe damu. Swali zito, ambalo wengi husahau kuuliza, ni la ovari: zikibaki, homoni huendelea, zikitolewa zote mbili, ukomo wa hedhi huja papo hapo. Anayetaka mtoto aweza kutolewa uvimbe tu. Wa miaka 48 pengine asubiri, kwani fibroidi husinyaa hedhi ikikoma. Lakini kizazi kikipasuka wakati wa uchungu, hiyo ni dharura, na kikao cha ukoo cha kuamua hakina nafasi.