Gari limegoma kuwaka baada ya kutoa alamu? Tafuta waya uliokatwa kabla ya kununua stata

Alamu imepiga kelele usiku kucha, majirani wamechoka, mwenye gari akaamua itolewe. Fundi kaitoa fasta, kalipwa, kaondoka. Asubuhi ufunguo unazungushwa, taa za dashibodi zinawaka vizuri, stata kimya.

Hapo ndipo wengi hutumwa dukani kununua stata au betri mpya. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kuna waya ulikatwa siku alamu ilipofungwa, na siku ya kuitoa hakuna aliyeurudisha.

Alamu zinazofungwa baada ya gari kununuliwa huwa na kazi mbili: kupiga kelele na kuzuia gari lisiwake. Kwa hiyo kazi ya pili, fundi hukata waya unaotoka kwenye swichi ya ufunguo kwenda kwenye stata, au ule wa pampu ya mafuta, kisha ncha zote mbili huzipitisha kwenye rilei, kile kiboksi kidogo cheusi chenye miguu minne au mitano. Rilei ikitolewa, ncha zinabaki zinaning'inia na umeme hauna pa kupita.

Rilei ya miguu mitano huwa na namba chini yake. Mguu wa 30 na wa 87a hugusana rilei ikiwa haina umeme. Ndiyo maana kuna gari huwaka bila shida likichomolewa boksi la alamu peke yake, lakini hugoma rilei nayo ikitoka.

Dalili zinasema nini

Stata ikiwa kimya kabisa huku taa za dashibodi zikiwa kali, mshukiwa wa kwanza ni waya wa stata. Kwa gari la otomatiki, jaribu kwanza gia ikiwa P, kisha N, maana nje ya hapo stata haipigi hata gari likiwa zima.

Stata ikizunguka lakini injini haishiki, angalia upande wa mafuta na fyuzi. Ufunguo ukiwa ON, magari mengi ya petroli hutoa mlio mdogo wa pampu kwa sekunde chache, chini ya siti ya nyuma au upande wa tenki. Mlio usiposikika, huenda waya uliokatwa ni wa pampu. Fyuzi pia huungua kirahisi nyaya za alamu zikivutwa betri ikiwa bado imeunganishwa.

Taa zikififia na kusikika "tik-tik", hapo ni betri. Iliyojaa husoma volti 12.6 hivi gari likiwa limezimwa. Ikisoma chini ya 12, icharjiwe kwanza. Mlango ukikaa wazi saa kadhaa wakati fundi anachokonoa, betri iliyozeeka haivumilii.

Gari likiwaka sekunde chache kisha likazima, huku taa yenye alama ya ufunguo ikimeta kwenye dashibodi, shida inaweza kuwa ulinzi wa kiwandani, ule unaosoma chipu ya ufunguo. Alamu zenye kuwasha gari kwa rimoti wakati mwingine hufichiwa ufunguo wa akiba, au chipu yake, ndani ya dashibodi. Fundi anayetoa vitu bila kuuliza anaweza kuondoka nao.

Kuurudisha waya

Kifuniko cha chini ya usukani kikitolewa, kinachotafutwa ni tepu ya mtaani juu ya nyaya za kiwandani. Ncha mbili zilizokatwa huwa za rangi moja, unene mmoja na mstari uleule. Rangi hutofautiana kati ya gari na gari, hivyo picha ya gari la rafiki haisaidii sana.

Mita ndiyo inayothibitisha. Gia iwe P na breki ya mkono juu. Ufunguo ukishikiliwa kwenye START, ncha inayotoka kwenye swichi inatakiwa kuonyesha karibu volti 12; ukiachiwa, umeme unapotea. Ncha ya pili ndiyo inayokwenda kwenye stata.

Kabla ya kuunganisha, terminali hasi ya betri itolewe. Waya upigwe solda na kuvikwa mpira wa kubana kwa joto. Kusokota kwa vidole na tepu juu yake ni kuahirisha tatizo: kiungio kikilegea kinapata moto. Nyaya zenye ala ya njano zisiguswe kabisa, hizo mara nyingi ni za eabegi.

Kama ncha hazionekani, arudi fundi yuleyule aliyetoa alamu, na aje na rilei yake. Anayekumbuka alikata wapi ni yeye.