Mtungi, Kata na Birika: Historia ya Akiba ya Maji

Kila mwalimu aliyepata kufundisha msamiati wa nyumbani amekutana na maneno mtungi, kata, kuzi, balasi na birika. Aghalabu maneno haya hupita upesi darasani: mwanafunzi huyaandika katika daftari, huambiwa kwamba ni vyombo vya maji, na somo huendelea. Sisi twaona kwamba yastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna elimu ya karne nyingi juu ya namna ya kuweka maji ya akiba na kuyalinda yasiharibike. Tena elimu hiyo haijapitwa na wakati. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, ambako kipindupindu hakijakoma, yapo maisha ya watu yanayotegemea chombo cha maji na jinsi kinavyotumiwa.

Na tuanzie pwani, yalikokulia maneno haya. Miji mingi ya Waswahili ilijengwa juu ya mawe ya matumbawe, na mingine visiwani, mahali pasipo mito. Mvua hunyesha kwa majira, masika na vuli. Baina yake watu hutegemea visima, na kisima kilicho karibu na bahari huingiwa na chumvi kikichotwa kupita kiasi. Mji wa Lamu umeishi kwa maji ya mvua yanayochujwa na vilima vya mchanga vya Shela. Gedi, mji uliostawi kabla ya kuhamwa katika karne ya 17, ulikuwa na visima vingi vilivyojengewa kwa mawe. Na miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhamwa kwake ni kushuka kwa maji ya ardhini. Basi katika mazingira hayo akiba ya maji ilikuwa sharti la kuishi mjini, wala haikuwa anasa.

Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alifika Mombasa mwaka 1331. Miongoni mwa machache aliyoyaandika juu ya mji huo, hakuacha kueleza maji ya misikitini. Alisema kwamba mlangoni mwa msikiti palikuwa na kisima kifupi, na watu walichota maji kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba wenye urefu wa dhiraa moja. Mtu aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza. Msomaji wa Kiswahili hapati taabu kukitambua chombo cha namna hiyo: ni ndugu yake kata, ambayo sisi tumeizoea ikitengenezwa kwa kifuu cha nazi na kutiwa mpini. Jambo kubwa hapa ni huo mpini. Kwa ajili yake mkono wa mchotaji hukaa mbali na maji, na yule ajaye nyuma yake hukuta maji hayakuguswa.

Ama birika, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, lilikuwa hifadhi ya maji iliyojengwa kwa mawe na chokaa, msikitini au chooni mwa nyumba kubwa. Leo wanafunzi wengi hulijua birika la chai tu, na hushangaa kusikia kwamba mtu aweza kuoga kwa maji ya birika. Huko Lamu watu walifuga samaki wadogo ndani ya mabirika hayo ili wale viluwiluwi vya mbu.

Akiba ya maji ilipata kujaribiwa kwa vita pia. Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ina birika la kukusanyia maji ya mvua, na kisima chake kina maji ya chumvi yasiyofaa kunywewa. Waomani waliizingira ngome hiyo tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Waliokuwa ndani, Wareno na Waswahili waliokuwa upande wao, waliuawa na maradhi kuliko walivyouawa kwa silaha, na mwisho wake walibaki wachache mno. Hivyo kuta nene na mizinga havikutosha kuwaokoa.

Majumbani kazi ya kuhifadhi maji ilikuwa ya vyombo vya udongo. Mtungi ulichukuliwa kisimani kichwani, juu ya kata; na hapa mwalimu akumbuke kwamba neno hili lina maana mbili, chombo cha kuchotea na pete ya nguo au majani ya kutulizia mzigo kichwani. Balasi na kasiki vilikuwa vikubwa, vya kuwekwa mahali pamoja. Kuzi na gudulia vilikuwa vya maji ya kunywa. Udongo uliochomwa bila kupakwa rangi ya kung'aa huvuja jasho. Jasho hilo likikauka huondoa joto, na maji yakawa baridi. Mdomo mwembamba nao ulizuia vumbi, wadudu na mikono.

Wazee walijua pia kuyasafisha maji. Waliyaacha yatulie usiku kucha, wakamimina ya juu na kuacha tope chini. Waliyachuja kwa kitambaa. Walitia shabu, nayo hukusanya chembe za udongo zikazama. Wanawake wa kando ya mto Nile huko Sudan walitumia mbegu za mlonge zilizotwangwa kwa kazi iyo hiyo. Wengine walifukiza mtungi kwa ubani. Tukiyapima mambo haya kwa elimu ya leo, twaona kwamba mengi yana msingi. Viluwiluwi vya kichocho hufa maji yakiwekwa siku mbili bila kuguswa. Kitambaa safi hunasa wadudu wadogo wa majini wanaobeba mnyoo wa Guinea. Lakini maji meupe si lazima yawe salama: shabu, mlonge na kitambaa hupunguza vijidudu, wala havivimalizi, na ubani huleta harufu nzuri tu.

Upungufu huo ulidhihirika katika karne ya 19. Mwaka 1869 kipindupindu kilifika pwani kwa njia za bara, kikaingia Unguja na kuua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, alieleza safari ya maradhi hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1876. Misafara ya biashara ilikichukua tena bara, na habari zake zikafika hata Manyema, katika Kongo ya leo. Wakati huo hapakuwa na aliyethibitisha kinachosababisha maradhi. Kijidudu chenyewe kilitambuliwa na Robert Koch mwaka 1883 na 1884, huko Misri na Bara Hindi. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, aliwaletea watu wa mji maji ya chemchemi kwa mifereji, wakapunguza kutegemea visima vilivyokuwa karibu na vyoo.

Mafuta ya taa yalipoenea, lilikuja debe. Lilikuwa jepesi, halikuvunjika upesi, nalo likashinda mtungi. Lakini debe lililokatwa juu lina mdomo mpana kama ndoo, na kila mkono huingia. Baadaye likaja dumu la plastiki la lita 20, ambalo Uganda huitwa jerikeni na Kongo na Burundi huitwa bidoni. Asili ya umbo lake ni mkebe wa petroli wa jeshi la Ujerumani wa miaka ya 1930. Kwa mdomo wake mwembamba, dumu limeturudishia sifa ya mtungi, ijapokuwa kulisugua ndani ni kazi.

Wataalamu walikuja kuthibitisha faida ya mdomo mwembamba baada ya misiba. Kipindupindu kilipozuka Peru mwaka 1991, ilionekana kwamba waliokunywa maji ya chombo kilichotiwa mikono walikuwa katika hatari zaidi. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, familia kadhaa zilipewa ndoo zenye kifuniko na mdomo wa kumiminia. Maji yao yalikuwa safi zaidi, na kuhara kwa watoto wadogo kukaonekana kupungua. Mafundisho hayo ni yale yale ya kata na mtungi.

Sisi wa Maziwa Makuu hatuwezi kusahau Goma. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi zaidi ya laki tano kutoka Rwanda waliingia Kivu ya Kaskazini kwa siku chache, wakakaa juu ya mwamba wa lava ambamo kuchimba kisima au choo ni shida kubwa. Katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikaharibu mabomba, na sehemu kubwa ya mji ikakosa maji.

Kwa hiyo yafaa kila nyumba iwe na akiba. Mtu mmoja huhitaji lita 3 hivi kwa siku za kunywa, na hesabu ya chini katika dharura ni lita 15 kwa mahitaji yote. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika 1. Mahali palipo juu kuliko mita 2000, dakika 3. Pasipo kuni, dawa ya kufulia ya klorini isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, hutiwa matone 2 kwa lita ya maji meupe, yakaachwa dakika 30. Kisha yafunikwe, na yamiminwe au yachotwe kwa kata.

Twawashauri walimu wenzetu wawatume wanafunzi kwa bibi na babu zao wakakusanye majina ya vyombo vya maji: kila kimoja kilikuwa na mdomo gani, kilifunikwa kwa nini, kilioshwa lini. Watarudi na msamiati mwingi wa kuandika daftarini. Huenda pia wakarudi wakiuliza kwa nini ndoo ya nyumbani kwao haina kifuniko, na swali hilo lafaa lipate jibu kabla ya masika.