Usugu wa viuavijasumu katika kumbukumbu za hospitali

Uchunguzi wa usugu kwa kumbukumbu za hospitali ni njia ya kufuatilia jinsi bakteria wanavyoshinda dawa, kwa kutumia taarifa zilizoandikwa wakati wa matibabu: umri wa mgonjwa, siku aliyolazwa, dawa alizopewa, majibu ya maabara na hali aliyotoka nayo wodini.

Nguvu ya njia hii ni kuunganisha taarifa hizo. Jibu la maabara peke yake huonyesha kwamba bakteria hafi kwa dawa ya seftriaksoni; faili la mgonjwa ndilo linalosaidia kujua kama mgonjwa aliambukizwa nyumbani au wodini. Kwa kawaida, maambukizi yanayojitokeza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa huhesabiwa kuwa ya hospitalini. Maabara nyingi hupanga majibu yao kwa programu ya WHONET, iliyoanzishwa Boston mwaka 1989, na tangu 2015 Shirika la Afya Duniani hukusanya takwimu za nchi kupitia mfumo wa GLASS.

Kasoro kubwa ni upendeleo wa sampuli. Pale damu inapooteshwa maabara kutafuta bakteria kwa wale wagonjwa tu ambao dawa ya kwanza imeshindwa kuwatibu, usugu huonekana mkubwa kuliko ulivyo, na daktari anaweza kukimbilia dawa kali pasipo haja. Ndiyo maana kumbukumbu za hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, zina thamani ya pekee: tangu 1998 vipimo vya kuotesha damu vimefanywa kwa takriban kila mtoto anayelazwa kwa ugonjwa.